Kusoma Damu Njiani: Habari za Moyo na Maradhi katika Nchi ya Mtito Andei

Msafiri atokaye Mombasa na yule ateremkaye kutoka Nairobi, wakikutana penye meza ya chai mjini Mtito Andei, kila mmoja huweza kusema kwa haki iliyo sawa na ya mwenzake kwamba amefika nusu ya mwendo wake. Kwani mji huo, ulio katika ncha ya kusini ya kaunti ya Makueni, umekaa karibu na kati ya maili 327 walizozihesabu wajenzi wa reli tangu bandarini hata Nairobi, huku mbuga ya Tsavo Magharibi ikipakana nao upande mmoja, Tsavo Mashariki upande wa pili, vilima vya Chyulu vikionekana kwa mbali, na nchi ya Kitui ikianza ng'ambo ya mto Athi. Haukupata kuwa na ngome, wala bandari, wala kiti cha mfalme, na mtu atafutaye humo magofu ya kujivunia atarudi mikono mitupu. Tarehe yake ni tarehe ya vitu vipitavyo: pembe za ndovu kwanza, kisha mabehewa, kisha malori, na katika kila zama, yakifuatana na bidhaa hizo, maradhi.

Katika tarehe hiyo nimependa kusimulia jambo moja tu, nalo ni namna watu wa njia hii walivyojaribu, tangu siku za misafara hata mwaka wa Korona, kuitazama damu ya mtu ili wajue hali ya moyo wake. Wengi hudhani kwamba ilimu hiyo ilifika juzi, imefungwa ndani ya masanduku ya vipimo kutoka ng'ambo. Lakini atakayezifuata habari hizi kwa utaratibu ataona kwamba jicho la kuisoma damu lilikuwako katika nyika hii zamani sana, na kwamba kilichokosekana, zama baada ya zama, kilikuwa ni muda wa kutenda jambo kabla ya mauti, pamoja na kalamu ya kuyaandika yaliyoonekana.

Kabla ya reli, Wakamba ndio waliokuwa mabwana wa biashara ya pembe baina ya bara na pwani. Mwaka 1849 Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyekuwa na makao yake Rabai, alipotaka kuiona nchi ya Kitui kwa macho yake, alikwenda kumtafuta Kivui, mfanyabiashara mkuu ambaye sifa za misafara yake zilikuwa zimefika Mombasa. Na aliporudi tena mwaka 1851 akamwona sahibu yake huyo akiuawa njiani na maadui, yeye mwenyewe akaponea chupuchupu. Safari kama hizo zilikuwa za miguu, za kiu na za homa, na mgonjwa aliyeshindwa kutembea alikuwa mzigo uliotafutiwa mpagazi wake au ulioachwa. Watu wa pwani walichukua pamoja nao tiba waliyoirithi kwa wazee wao, ile ihesabuyo hari na baridi, yabisi na rutuba, kuwa ndizo nguzo za mwili wa mwanadamu. Msafara ulipotua penye maji, mgonjwa aliketishwa kivulini, na mwenye ujuzi wa kuumika akamchanja chale ndogo mgongoni, akabandika chuku juu yake, akaivuta hewa kwa kinywa na kuziba tundu kwa nta. Na damu ilipokwisha kukusanyika aliimwaga akaiangalia kama ni nyeusi na nzito au nyekundu na nyepesi, akahukumu kwa rangi hiyo kitu gani kimezidi katika mwili wa mtu yule. Alimshika pia mshipa wa mkono, akayasikiliza mapigo yake kwa ncha za vidole, na aliye mzoefu alikuwa akijua, kwa mshipa uliokimbia na kukatika, kwamba mtu wake hataiona asubuhi. Lakini baina ya mshipa na ile damu ya chuku hakuwa na kiungo: mshipa ulimwambia habari za moyo, na damu ilimwambia habari za hari na baridi, kila kimoja kwa lugha yake.

Walioziunganisha habari hizo mbili walikuwa watu wa namna nyingine kabisa, nao hawakuwa na nia ya kuponya. Wawindaji wa Kikamba na wa Kiwaata, ambao kwa pinde zao waliwaangusha ndovu wa Tsavo, walitumia sumu iliyotokana na mti ambao wataalamu wa mimea huuita Acokanthera. Vipande vya mti huo, magome na mizizi, vilichemshwa kwa saa nyingi mpaka maji yakapungua na kubakia uji mweusi wenye kunata kama lami, ambao ulipakwa katika shina la kigumba na kuviringwa kwa ngozi nyembamba ili usikauke wala usimguse mwenye mshale. Sumu hiyo haiui kwa kumwaga damu. Huingia katika damu, ikafika moyoni, ikauvuruga mwendo wake, hata mnyama mkubwa akasimama, akayumba, akaanguka. Na kwa sababu nguvu zake hutofautiana kwa mti na kwa upishi, fundi alihitaji kuijaribu kabla ya kuitegemea mbele ya ndovu. Imesimuliwa na walioishi karibu na wawindaji hao kwamba fundi alijichanja kidogo mkononi, akaiacha damu itiririke chini katika mstari mwembamba, kisha akaigusisha sumu yake kwenye ncha ya chini ya mstari huo na kutazama: damu iligeuka nyeusi, na weusi ukapanda juu kuelekea kwenye chale, na kwa mbio za weusi huo akaipima sumu yake, akaifuta damu yote kabla weusi haujafika penye jeraha. Hapo pana kipimo kamili cha damu kwa ajili ya moyo: pana dalili ionekanayo kwa jicho, pana kadiri ya kulinganisha, na pana muda uliohesabiwa, ambao mtu akiupitisha hapati wa pili.

Sumu hizo za Afrika ya Mashariki hazikubakia nyikani. John Kirk, tabibu aliyefuatana na David Livingstone katika safari ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858, na ambaye baadaye alikaa Unguja miaka mingi akiwa balozi wa Uingereza, aliweka mswaki wake pamoja na sumu ya mishale iliyotokana na mmea wa Strophanthus, ulio jamaa ya huo wa Tsavo kwa nguvu ijapokuwa si kwa umbo. Na alipopiga mswaki akahisi uchungu kinywani, akajishika mshipa, akauona mwendo wake umepungua. Kutokana na habari hiyo Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza sumu ile akaitoa dawa ya moyo uliochoka. Na mwaka 1888 Mfaransa Arnaud akaitenga ile ya Acokanthera, iitwayo wabaini. Basi kwa muda wa miaka mingi matabibu wa Ulaya walikuwa wakiwatia wagonjwa wao mishipani, kwa vipimo vidogo mno, kitu kile kile ambacho Mkamba alikipaka katika mshale wake. Na mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark alipozitambua pampu ndogo ndogo zilizo katika ngozi ya kila chembe ya mwili, zitoazo chumvi ya sodiamu nje na kuingiza ya potasiamu, wabaini ndiyo iliyomsaidia baadaye kuzithibitisha, kwa kuwa hiyo ndiyo izizuiayo. Hivyo ilimu ya moyo inadaiwa na nyika hii deni ambalo halijaandikwa katika daftari la mtu yeyote.

Reli ilipofika, mwendo wa maradhi ulibadilika. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, mwaka 1898 ikavuka mto Tsavo na kuendelea kwenye nchi ya Mtito Andei, na mwishoni mwa Mei 1899 ikaingia Nairobi. Dunia yote inawakumbuka simba wawili waliowala wajenzi wa daraja la Tsavo, waliouawa na Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja hilo, Desemba 1898. Lakini katika wafanyakazi wapatao 32,000 waliochukuliwa kutoka Bara Hindi walikufa karibu 2,500, na waliochukuliwa na simba ni sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo. Waliobakia waliuawa na homa, na kuhara damu, na vidonda, na ajali. Katika miaka hiyo hiyo Ukambani ulipatwa na msiba juu ya msiba: sotoka iliyoua ng'ombe, ukame, njaa kuu, na ndui iliyowafuata wenye njaa mpaka kwenye vituo vya reli walikokwenda kutafuta chakula. Misheni ya Waskoti iliyofunguliwa Kibwezi mwaka 1891, mwendo usio mrefu kutoka Mtito Andei, iliandamwa na homa hata ikahamishiwa nchi ya Kikuyu mwaka 1898.

Wakati ule ule damu ilikuwa imepata jicho jipya. Ronald Ross alikuwa ameonyesha huko Secunderabad, mwaka 1897, kwamba mbu ndiye mchukuzi wa malaria, na tone la damu lililopakwa juu ya kioo na kutiwa rangi likawa miongoni mwa hati za kwanza za maabara katika hospitali za reli. Fundi wa hadubini aliona wadudu, akawahesabu, akaandika. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini ilikuwa na hila yake. Kwani mtu mwenye homa katika nchi hii karibu hakosi malaria kidogo katika damu, na kwa hiyo kila kilichokuwa na homa kikaandikwa malaria, na kile ambacho hadubini haikuweza kukiona, yaani kirusi, kikapita bila jina.

Kilipita hivyo kwa kishindo mwaka 1918. Homa kuu ya mafua iliyoenea ulimwenguni kote ilishuka Mombasa kwa meli mwezi wa Septemba, wakati nchi ilikuwa bado katika vita na wapagazi wa jeshi wakirejeshwa makwao wamedhoofu, na ikapanda bara pamoja na abiria wa gari la moshi, ikishusha wagonjwa wake katika kila kituo. Kabla ya reli, ugonjwa kama huo ungalitembea kwa mwendo wa mpagazi, na wengi walioshikwa nao wangalikufa au kupona kabla ya kuvuka nyika ya Taru. Sasa mtu aliweza kupanda Mombasa akiwa mzima, akapita Mtito Andei usiku akihisi baridi, akashuka Nairobi akiwa mgonjwa. Matabibu wa zama hizo walizijua vyema dalili za hatari: midomo na kucha zilizogeuka rangi ya samawati, pumzi fupi, na mshipa uliolegea ghafula kwa mtu ambaye jana alikuwa akisema. Walipoona moyo unashindwa walitumia walichokuwa nacho, yaani sindano ya kafuri na dawa za jamii ile ile ya sumu ya mishale. Lakini kama moyo ulikuwa umechoka kwa sababu ya mapafu yaliyojaa maji, au umeshambuliwa wenyewe, hapakuwa na njia ya kujua kwa aliye hai. Kirusi cha mafua ya binadamu chenyewe hakikupatikana mpaka mwaka 1933, mjini London. Katika vitabu vya vifo waliokufa hivyo waliandikwa neno moja, homa, au kichomi. Na waliokufa mbali na kituo hawakuandikwa neno lolote.

Jicho la tatu lilifunguka mbali na hapa, mwaka 1954, huko New York, ambako LaDue, Wróblewski na Karmen walionyesha kwamba nyama ya moyo ikifa, kimeng'enya kilichokuwa ndani yake huvuja na kuingia katika damu, na kwamba kiasi chake huweza kupimwa. Fikira yenyewe ni nyepesi, na thamani yake ni kubwa: chembe ya mwili ni chumba chenye mali yake, na mali hiyo ikionekana nje, chumba kimebomoka. Shida ilikuwa kwamba kimeng'enya hicho kimo pia katika ini na katika misuli mingine, kwa hiyo kuonekana kwake hakukutosha kuwa ushahidi juu ya moyo. Vikafuata vingine vilivyokaribia zaidi, na mwaka 1965 Setsuro Ebashi wa Tokyo akaigundua troponini, protini iongozayo kukaza na kulegea kwa msuli. Na kwa kuwa troponini ya moyo haifanani na ile ya mkono au mguu, wachunguzi walipata, mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwamo Hugo Katus wa Heidelberg, kipimo kiwezacho kuitambua ya moyo peke yake. Wakati huo huo ilijulikana kwamba moyo uliozidiwa na mzigo hutoa homoni yake, ambayo maabara huiita BNP, na kwamba damu iliyoganda na kuyeyushwa tena huacha vipande viwezavyo kuhesabiwa. Kwa ishara hizi tatu tabibu alipata kuuliza maswali matatu tofauti: je, nyama ya moyo inakufa? je, moyo umelemewa? je, damu inaganda mahali isipotakiwa?

Mtito Andei katika miaka hiyo ulikuwa ukijifunza kazi nyingine. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, na mnamo mwaka 1956 na 1957 vita vikali vilipigwa na walinzi wa mbuga, chini ya kina David Sheldrick, dhidi ya wawindaji wa mishale ya sumu, hata ujuzi ule wa kuisoma damu ukawa kosa la jinai, na mafundi wake wakaenda kifungoni. Barabara ilipotiwa lami, mji ukawa kituo cha madereva wa masafa marefu: malori yakilala pembeni, taniboi wakichunguza tairi kwa marungu, wanawake wakiuza vyondo na matunda, na nyumba za wageni zikifunguliwa mlango mmoja baada ya mwingine. Ukimwi ulipotambuliwa nchini mwaka 1984, njia hii ikawa miongoni mwa mahali pa kwanza kutazamwa. Profesa Job Bwayo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake, walifungua zahanati penye mizani ya malori ya Athi River, wakawapima madereva wa njia ya Mombasa, na kutokana na damu hiyo ya watu wa barabarani dunia ikajifunza jinsi kirusi kinavyosafiri. Huenda ilikuwa mara ya kwanza damu ya wapitao Mtito Andei kuandikwa kwa utaratibu, na maandishi hayo yalizaa elimu na zahanati za kando ya njia. Yafaa kulikumbuka hilo, kwa sababu ni ithibati kwamba mahali palipo na kalamu, hata maradhi yaliyodhaniwa ni kadari huanza kupata mpaka.

Kisha ukaja mwaka 2020. Tarehe 13 Machi ilitangazwa habari ya mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, na siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale. Na garimoshi la abiria la reli mpya, lililokuwa likisimama Mtito Andei tangu mwaka 2017, likasimamishwa mpaka Julai. Miji miwili mikubwa iliyokuwa ikiulisha mji huu wasafiri ilikuwa imefungwa kwa wakati mmoja, na baina yake wakabaki madereva wa malori peke yao, ambao bila wao Nairobi, Kampala na Kigali zisingepata dawa wala ngano. Watu hao wakawa wahitajiwa na watuhumiwa kwa pamoja: wakadaiwa vyeti vya kupimwa, wakapanga foleni za kilomita nyingi Malaba na Busia, na katika miji ya njiani wakatazamwa kwa hofu na wale wale waliowauzia chakula.

Mwezi wa Machi mwaka huo, taarifa kutoka Wuhan zilikuwa zimewashangaza matabibu. Katika wagonjwa 416 waliolazwa hospitali moja ya huko, 82 walikuwa na troponini iliyopanda, na zaidi ya nusu ya hao 82 walifariki, ilhali katika wale ambao troponini yao ilikuwa ya kawaida hawakufika watano katika mia. Hapo ugonjwa uliofahamika kuwa wa mapafu ukadhihirika kuwa ni wa moyo pia, na kila hospitali iliyoweza ikaanza kuipima damu ya mahututi wake kwa ishara hizo. Mwanzoni wengi walisema kirusi kimeingia moyoni na kuuvimbisha. Lakini maiti zilipofunguliwa na kuchunguzwa, uvimbe wa kweli wa misuli ya moyo ulikuwa mchache kuliko ulivyodhaniwa. Katika wengi moyo ulikuwa umeumizwa na mambo mengine: upungufu wa oksijeni, damu iliyoganda katika mishipa ya mapafu na kuulazimisha upande wa kulia wa moyo kusukuma kwa taabu, moto wa kinga ya mwili iliyochafuka, figo zilizoshindwa, au maradhi ya moyo ya zamani yaliyokuwa yamejificha. Ishara ile haikutaja mwuaji. Ilisema tu kwamba nyumba inabomoka, na kwamba saa zimebaki chache.

Sasa na tuitazame damu hiyo kwa karibu, katika kituo chochote cha afya cha kando ya njia. Mgonjwa ana pumzi fupi. Mwuguzi anafunga mpira juu ya kiwiko, anauchoma mshipa, na tyubu inajaa. Ili troponini isomwe kwa usahihi, damu hiyo yatakiwa izungushwe katika mashine mpaka chembe zishuke chini na maji ya rangi ya majani makavu yabakie juu, na yatengwe mapema, na yawekwe mahali pa baridi katika nchi ambayo adhuhuri yake huwasha mabati. Kama umeme upo na mashine kubwa ipo, jibu huja kwa tarakimu. Kama haipo, kuna kibati cha plastiki: matone machache hudondoshwa katika shimo lake, na baada ya dakika kumi na tano hivi huonekana mstari mmoja au miwili. Kibati hicho hufaa kwa mtu ambaye mshipa wa moyo wake umeziba na nyama nyingi imekufa. Lakini kwa mgonjwa wa kirusi, ambaye troponini yake hupanda kidogo kidogo, mstari wa pili huweza usionekane hata ilhali hatari imekwisha kuwapo. Fauka ya hayo, kipimo kimoja hakitoshi. Thamani yake imo katika kupimwa tena baada ya saa kadhaa ili ijulikane kama kiasi kinapanda au kinashuka, na katika muda huo mgonjwa wa Mtito Andei aghalabu huwa yumo ndani ya gari, akipelekwa kaskazini kwa njia ya Makindu na Wote, au kusini kwenda Voi, karibu kilomita 100, na tyubu yake ya kwanza na ya pili, kama zote zilichukuliwa, zimesomwa na watu wasiojuana.

Mpango wa afya wa kaunti ya Makueni, ulioanzishwa mwaka 2016, ambamo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti, ulikuwa umewaondolea wengi hofu ya gharama kabla ya Korona kufika. Na hilo ni jambo la kusifiwa bila choyo. Lakini gharama ni ukuta mmoja, na masafa ni ukuta wa pili. Mwezi wa Mei 2021 ilichapishwa habari ya uchunguzi mkubwa kabisa wa mahututi wa Korona katika Afrika, uliofanyika katika hospitali 64 za nchi 10, Kenya ikiwamo: katika wagonjwa zaidi ya 3,000, karibu nusu walifariki katika siku thelathini, na upungufu wa vifaa na wa uangalizi ulitajwa miongoni mwa sababu. Na hao ndio waliofika penye kitanda cha mahututi. Wale ambao safari iliwashinda njiani hawamo katika hesabu hiyo, na moyo wao haukupimwa. Katika cheti, pale kilipotolewa, sababu ya kifo iliandikwa kuwa ni kushindwa kupumua, kama vile mwaka 1918 ilivyoandikwa kichomi.

Hapa ndipo mwandishi wa tarehe hupata neno lake la kusema, tofauti na neno la tabibu. Tabibu huitazama troponini kwa ajili ya mgonjwa aliye mbele yake, na kwake kipimo kisichoweza kufuatwa na oksijeni, na dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa kama deksamethasoni, ambayo Juni 2020 wachunguzi wa Oxford walionyesha kwamba yapunguza vifo kwa thuluthi moja katika waliotiwa mashine ya kupumulia, ni habari ya huzuni tu. Ana haki. Vituo vya njiani vingeulizwa vichague kitu kimoja, vingefanya vema kuchagua mtungi wa oksijeni uliojaa na gari lenye mafuta, kabla ya mashine ya kupimia moyo. Lakini kipimo kina kazi ya pili ambayo haifi pamoja na mgonjwa: kinaandika. Elimu ya leo juu ya moyo katika Korona imejengwa kwa damu ya watu wa Wuhan na wa New York, kwa kuwa damu yao ilichukuliwa ikawekwa. Na yeyote atakayeandika mwongozo wa tiba kwa ajili ya dereva wa Ukambani, mwenye shinikizo la damu lisilotibiwa na malaria ya mara kwa mara, atakuwa akikisia kutokana na miili ya watu wengine.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, hoja ya kuwapa vituo vya njia hii mashine ya kuzungushia damu, jokofu lisilozimika, na daftari moja litakalofuatana na mgonjwa kutoka Mtito Andei mpaka Voi au Wote, haitegemei peke yake idadi ya watakaookolewa katika homa ijayo. Njia ambayo imepitisha ndui, sotoka, mafua, ukimwi na Korona itapitisha na nyingine, hilo halina shaka. Na mara zote tano jicho la kuona halikukosekana kabisa. Mafundi wa sumu walilijua sharti ambalo hospitali zetu zingali zikilitafuta, kwamba kuisoma damu ni kazi yenye saa yake. Na madaktari wa Athi River wakaongeza la pili, kwamba kilichosomwa kiandikwe mahali pamoja, kwa majina ya njia na si ya mji mkuu tu. Yakiwekwa masharti hayo mawili katika kituo kimoja cha kando ya barabara, mgonjwa wa Mtito Andei atakuwa amepata, pamoja na tiba yake, kuhesabiwa.